Chakula kifike cha moto baada ya masaa matano, hotipoti inatosha?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Jumamosi natoka na familia kwa gari, ni kama masaa manne barabarani alafu tukifika ni pikiniki, kwa hiyo toka niipue mpaka tule ni masaa matano hivi. Nina hotipoti mbili, moja ya wali nyingine ya mchuzi wa nyama. Kila tukisafiri chakula kinafika vuguvugu. Na wali nikiufunga wa moto sana mvuke unarudi maji, unalowa, ndo maana huwa nauacha upoe kidogo kwanza. Ninunue hotipoti nyingine? Na vile vyombo vya kuchomeka kwenye gari vinasaidia?

JIBU: Nzuri dada, asante kwa kueleza vizuri. Usinunue kitu kwanza, tatizo liko hapo uliposema unauacha upoe kidogo. Hotipoti ni blanketi siyo jiko, haiongezi joto hata chembe, inachelewesha tu lile ulilotia lisitoke. Sisi wa usalama wa chakula mstari wetu ni nyuzi 60, juu ya hapo bakteria hawazaliani, chini ya hapo mpaka nyuzi 5 wanazaliana. Sasa ukifunga wali ukiwa nyuzi 90 una nyuzi 30 za kupoteza njiani, ukifunga ukiwa 70 una 10 tu, na hizo zinaisha mapema sana.

Na hilo vuguvugu lisikutie moyo kwamba afadhali hakijapoa kabisa. Kwenye mchuzi wa nyama kuna bakteria anaitwa Clostridium perfringens, vijimbegu vyake haviuwawi na kuchemka kwa kawaida, na anazaliana haraka kuliko kote kwenye nyuzi 43 mpaka 46 hivi, ambalo ndo joto lenyewe la hotipoti iliyoshindwa. Wali nao una Bacillus cereus, naye anavumilia jiko, alafu akishaongezeka anaacha sumu ya kutapisha ambayo ukipasha haiondoki. Kwa hiyo ile ya "tutapasha tukifika" kwa wali uliokaa vuguvugu masaa manne mimi siikubali kabisa, hasa kama kuna watoto.

Fanya hivi. Kabla hujaipua, chemsha maji ujaze hotipoti mpaka juu, funga kifuniko, acha dakika 10, maana chombo chenyewe kikiwa cha baridi kinakunywa joto la chakula kwanza kabla ya kitu kingine. Mwaga, futa haraka, tia chakula hapo hapo kikiwa kinatoka jikoni, mchuzi uwe bado unatokota. Jaza mpaka karibu na mdomo, nafasi tupu ndani ni hewa ya kupasha bure, na hapa wengi wanakosea, wanachukua hotipoti kubwa kwa chakula cha nusu, chukua ndogo ijae. Kuhusu wali kulowa, kausha vizuri jikoni, alafu kabla ya kufunga tandaza kitambaa safi cha pamba juu yake, kinywe ule mvuke, joto libaki. Vya kukaanga vikavu ni kweli vinalainika ukivifunga vya moto, hivyo sioni njia nzuri, bora upange kuvila vikiwa vya baridi au uviache nyumbani.

Alafu usiishie kwenye hotipoti. Lile boksi la plastiki nene la kuwekea barafu linazuia joto kutoka kama linavyozuia kuingia, zungushia hotipoti taulo nene, ziweke humo, mapengo jazia taulo nyingine na chupa moja mbili za maji ya moto zinazofunga vizuri, chupa ziwe za kuhimili moto. Ukishafunga usifungue kuchungulia. Watoto wakitaka kula njiani wawekee chao pembeni, kila ukifungua kifuniko unatoa mvuke na mvuke ndo umebeba joto jingi.

Kitu kimoja cha kununua ni themomita ya chakula, ile ya kuchoma ndani. Kabla ya Jumamosi jaribu, jaza hotipoti maji yanayochemka, funga, panga kwenye boksi vile vile, pima baada ya masaa matano. Maji yenyewe yakikutwa chini ya 60, chakula hakitafika, hapo ndo nitakuambia badilisha chombo. Siku yenyewe pima katikati ya wali siyo pembeni. Chakula kikishashuka chini ya 60 kisizidi masaa mawili, na kama hewa ya hapo mlipo imepita nyuzi 32 ni saa moja tu. Kama hujui kilishuka saa ngapi usibahatishe, mwaga.

Jaribio likigoma, geuza mpango. Pika mapema, gawanya kwenye vyombo vipana visivyo na kina kipoe haraka, weka kwenye friji, safiri nacho na barafu chini ya nyuzi 5, mkifika pasha kwenye jiko la gesi la kubebea mpaka katikati ipite nyuzi 70.

Vile vya kuchomeka kwenye gari, vingi vina wati 40 mpaka 50. Kupasha kilo moja kutoka nyuzi 20 mpaka 70 kwa wati 45 ni zaidi ya saa na robo hata kama hakuna joto linalopotea, na linapotea. Kwa chakula cha mtu mmoja kilichoingia cha moto kinasaidia kushikilia, kwa familia hapana, na usikiache kimechomekwa injini ikiwa imezimwa, betri itakufia huko huko.