Muulize Bi Mkubwa: Mwenzetu yuko eda, je, tumtoze faini?

SWALI

Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama hapa Mwanga, Kigoma. Tupo 22 na tunakutana kila Jumapili saa tisa alasiri uani kwa mwenyekiti. Tumechanganyika: Waha, Wamanyema, Wabembe, na mmoja kwao ni Burundi. Waislamu ni tisa, waliobaki ni Wakatoliki, Waanglikana na sisi Walokole. Katiba yetu inasema asiyefika kikaoni anatozwa 2,000, na akikosa vikao sita mfululizo anafutwa.

Mwenzetu mmoja, muuza dagaa wa Kibirizi, amefiwa na mumewe. Ni Mwislamu, yuko eda, na Jumapili hii atakuwa amekosa kikao cha tano. Ana mkopo wetu wa 300,000. Tumegawanyika. Wapo wanaosema sheria ni msumeno na usawa ni usawa. Mlokole mwenzangu amesema kumfungia mwanamke ndani miezi minne, wakati mwanamume akifiwa anarudi kazini tanga likiisha, ni utumwa, na tukiusamehe tutakuwa tumeubariki. Waislamu wawili nao wamesema akifutwa wanatoka naye. Juzi akaja shemeji yake, akasema mjane haruhusiwi biashara wala kutoka, hivyo tumkabidhi yeye daftari la hisa alitunze hadi eda iishe. Nifanye nini?

Katibu, Mwanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianzie mwisho wa barua yako: daftari msimpe. Mengine tutayazungumza polepole, hilo halina mazungumzo.

Hisa ni za huyo mama. Si za marehemu, si za ukoo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki ileile aliyonayo mume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza, na sisi Waislamu hatukusubiri 1971 kulijua hilo. Cha mke ni cha mke. Hata mume alipokuwa hai hakuwa na ruhusa ya kukigusa bila ridhaa yake. Marehemu akiacha watoto, mjane anachukua thumni, yaani moja ya nane, katika alichoacha mume. Hisa zake mwenyewe hazimo katika hesabu hiyo. Mirathi ni ya aliyekufa, na yeye hajafa.

Pengine shemeji ana nia njema, simhukumu mtu nisiyemjua. Lakini nilikaa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo miaka kumi na tisa, na nililiona jambo moja mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka: eda ikianza, karatasi nazo zinaanza kutembea. Kikao cha ukoo kinakaa barazani, mjane yuko chumbani. Unaandikwa muhtasari kwamba fulani amependekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, kisha karatasi inapitishwa chini ya pazia pamoja na kidau cha wino. "Shemeji, weka dole hapa." Anaweka. Mmoja alifika mbele yetu baada ya kutoka eda, akaonyeshwa alama yake. Akalitazama dole gumba lake, akaitazama karatasi, akasema, "Niliambiwa ni ya hesabu ya sanda."

Kwa hiyo mfikishie mwenzako ujumbe wangu. Asitie dole wala sahihi kwenye karatasi ambayo hajasomewa na mtu anayemwamini yeye, si anayeaminiwa na wakwe. Na ajue kwamba mjane mwenyewe anaweza kuwa msimamizi wa mirathi. Hakuna sheria inayomzuia kwa kuwa ni mwanamke. Kama shemeji ana na jingine moyoni, la kumrithi yeye pamoja na vitanda na makochi, sheria hiyohiyo ya 1971 inasema mjane yuko huru kuishi anapotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na amtakaye.

Sasa eda yenyewe. Mie nilikaa mwaka 2009, Ujiji, nikiwa na miaka 58. Watu hupenda kueleza kwamba eda ni ya kujua kama mjane ana mimba, na ni kweli hilo limo, ndiyo maana mjamzito eda yake huisha akijifungua. Lakini miaka 58! Mimba ingetoka wapi? Nilikaa kwa kuwa Kurani imetaja miezi minne na siku kumi, na kwa kuwa nilikuwa nimeishi na yule mzee miaka 36 na sikutaka mtu anione. Nikwambie ukweli, wiki za mwanzo nilishukuru kuwa na mlango wa kufunga. Mlokole mwenzako hilo hawezi kulijua kwa kuangalia mlango kutoka nje.

Nilikuwa na kopo tupu la maziwa ya unga. Kila alfajiri natia ndani mbegu moja ya mchikichi. Miezi yetu ni ya mwandamo, kwa hiyo zilipofika 128 nikaoga, nikabadili nguo. Wifi zangu walihesabu kwa kalenda ya ukutani iliyotoka benki, wakasema bado siku nne. Siku nne hizo tuligombana kuliko tulivyogombana kwa ajili ya nyumba.

Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa Mkatoliki, Muha wa Kasulu. Kila jioni akimaliza rozari anaingia na bakuli la migebuka ya mawese na ugali wa muhogo, anakaa kwenye kigoda, tunakula. Siku ya kwanza akakuta kioo kimefunikwa kanga. Akauliza, "Hili nalo Mtume ndiye aliyesema?" Nikamjibu sijui. Na kweli sikujua, nilimkuta mama yangu akifanya, na mama alimkuta bibi. Nikatuma mjukuu kwa sheikh, jibu likarudi kwamba hapana, hilo ni letu wenyewe. Jirani akaivuta kanga, akajitazama, akakaza kilemba chake, akarudi kwenye migebuka.

Tangu siku hiyo nikaanza kupepeta. Mjane asijipambe, asitie manukato, wanja wala hina, asivae dhahabu, asiposwe, alale katika nyumba aliyofiwa: hayo ni ya dini. Nguo lazima iwe nyeupe, kioo kifunikwe, asimjibu hata mwuza mkaa kwa kuwa ni mwanamume, asitoke hata akiwa na homa: hayo tuliyaongeza sisi, na mengine, Mungu anisamehe, yaliongezwa na watu wenye haja zao.

Kuhusu kutoka nje, kuna habari ya shangazi yake Jabir, upande wa mama, iliyomo katika hadithi sahihi. Alikuwa katika eda ya talaka, akataka kwenda kuvuna tende zake. Mtu akamkemea arudi ndani. Yeye hakurudi, alikwenda kwa Mtume, akaambiwa akavune, huenda akapata cha kutoa sadaka. Wanazuoni wa Kishafi, ambao wengi wetu huku tunawafuata, wanamruhusu mjane naye kutoka mchana kwa haja yake, ilimradi usiku alale kwake. Dagaa ni haja. Mwanamke mwenye watoto na deni la 300,000 haja yake haihitaji kuelezwa na shemeji. Ila asinichukue mie peke yangu. Amwite sheikh anayemheshimu, amuulize hasa hivi: naweza kwenda Kibirizi asubuhi na kurudi? Akiona hataki kutoka, hilo nalo ni lake. Binti yake au mmoja wenu amnunulie mwaloni na kumwanikia. Zikifika siku za mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa hailali ziwani, hata ninyi mtakuwa mmekaa.

Mlokole mwenzako msimzomee. Swali lake ni zuri, na sitalipambia jibu. Mwanamume hana eda. Akifiwa leo, wiki ya pili watu wanamtafutia "wa kumpikia chai", na wanaomtafutia ni sisi wanawake. Hilo linanikera. Nimelisema msikitini, upande wa akina mama, mpaka nikaombwa nipunguze sauti. Kwa hiyo akitaka kubishana nami kuhusu hilo, aje Ujiji, tutakaa mkeka mmoja na huenda tukakubaliana zaidi ya anavyodhani. Lakini mwulize: kama huyo mama kafungwa kweli, mfungwa anatozwaje faini kwa kutofika? Na mwulize pia kama kwao hajawahi kuona mjane Mkristo, mchungaji ameshaomba, jeneza limeshashuka, jioni wakwe wanamkalisha uani na kumnyoa nywele. Mie nimeona, nikamshika mkono jirani yangu akinyolewa, yule yule wa migebuka. Hakuna aliyetoza faini siku ile.

Twende kwenye katiba yenu. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti samaki wapumzike, kikundi cha binti zangu kilisimamisha faini za marejesho miezi yote mitatu, maana nusu yao wanaishi kwa dagaa. Fungua kumbukumbu zenu za mwaka huo uone ninyi mlifanyaje. Nina hakika hakuna aliyesema sheria ni msumeno. Msumeno uliwekwa juu ya kabati. Huyu mama naye ziwa lake limefungwa, tofauti ni kwamba limefungwa la kwake peke yake, ndiyo maana mnaona kama uzembe.

Itisheni marekebisho. Andikeni kwamba aliyefiwa, aliye eda, aliyejifungua hadi arobaini na mgonjwa wa kitandani hatozwi faini ya kutofika, na anaweza kutuma hisa na marejesho kwa mkono wa mtu aliyemtaja mwenyewe. Msiandike "Waislamu". Mkiandika hivyo mtakuwa mmetoa hisani kwa tisa mbele ya kumi na tatu, na hisani huja kudaiwa. Mkiandika kama nilivyosema, Mlokole mwenzako naye akijifungua atafunikwa na shuka hilohilo. Mkopo msimfutie, hajaomba. Msogezeeni marejesho.

Kisha kuna kitu ambacho nashangaa hakuna kati yenu aliyekifikiria. Ninyi nyote 22 ni wanawake. Eda haimzuii mwanamke kukaa na wanawake wenzake nyumbani kwake. Kwa nini mnamsubiri uani kwa mwenyekiti? Jumapili hii chukueni sanduku na kufuli zake tatu, mwende kwake. Muwe mmevaa kwa heshima, msipige vigelegele mkihesabu pesa, na kila mtu abebe chochote cha jikoni, maana nyumba ya msiba ikifika wiki ya tano wageni wameshakwisha na unga nao umekwisha. Agongewe mihuri yake kwenye daftari, mbele ya macho yake. Shemeji akiwepo barazani, mpeni salamu na mpite.

Kikao cha tano atakuwa amehudhuria, na katiba yenu ya zamani haitakuwa na la kusema.

SWALI

Bi Mkubwa, mimi ni Mkatoliki wa Katubuka, mume wangu ni Mwislamu. Wazazi wote walikataa, tukafunga ndoa bomani. Sasa anasema dini yake inamruhusu kuongeza mke, na kwamba mimi sina la kusema kwa kuwa si wa dini yake. Ni kweli?

JIBU

Dini yake inamruhusu, ndoa yake ndiyo inayomkatalia. Kwa sheria ya 1971, ndoa ya Kiislamu au ya kimila huchukuliwa kuwa inaweza kuwa ya wake wengi. Nyingine zote, ya bomani ikiwemo, huchukuliwa kuwa ya mke mmoja mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kuibadili kunahitaji ninyi wawili mwende kwa hiari yenu mkatamke mbele ya jaji au hakimu. Wewe usipokwenda, haibadiliki, na huyo atakayeongezwa ndoa yake itakuwa batili. Maskini, pengine naye hajaambiwa.

Ila kabla hujampandishia sauti, kitazame cheti chenu kilichoandikwa siku ile, maana vijana mnatia sahihi huku mnatazama mpiga picha. Kama kiko kwenye begi lake na funguo anatembea nazo, nenda pale bomani mlipofungia uombe nakala. Kisha niandikie kimeandikwaje.