Re: Naamka akili iko macho ila mwili hausogei
Habari mkuu, pole sana. Umesema unaamka alfajiri, chumba unakiona ila mkono haunyanyuki na ni kama kuna mtu amekukalia kifuani. Hilo ni jinamizi, hata mimi linanijia, hasa nikilala chali baada ya kukosa usingizi siku kadhaa, kwa hiyo anza kuangalia hapo, unalala saa ngapi na unalalaje. Ukiwa ndotoni ubongo unazuia misuli isifanye unachoota, sasa akili ikiwahi kuamka mwili unabaki umefungwa sekunde kadhaa au dakika chache. Usipambane kuinuka, mi nahangaika na kidole kimoja tu cha mguu huku nahema taratibu mpaka liachie. Ila kama mchana unasinzia hovyo, au ukicheka magoti yanalegea, muone daktari.