Ganda la konokono kutoka Dar es Salaam

SWALI: Mwalimu, jambo. Shemeji yangu huchukua bidhaa Dar es Salaam. Safari hii amewaletea watoto ganda la konokono wa bahari, jeupe lenye mabaka ya kahawia, pana juu na jembamba chini. Jirani anasema konokono huyo anaua watu, nilitupe. Watoto wanalia. Ni kweli? Na humu Kivu hawamo?
Mama Neema, Kadutu, Bukavu

JIBU: Mama Neema, usilitupe. Sumu iko ndani ya mnyama, haiko kwenye ganda. Likiwa tupu na kavu, lioshe, watoto wacheze.

Ila jirani yako hakusema uongo. Kwa umbo hilo, huenda ni konokono wa jamii ya Conus, na mmoja wao, Conus geographus wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, ameshaua watu. Huwinda samaki usiku. Mwendo wa konokono unaujua. Sasa samaki anamshikaje? Humwaga insulini majini! Watafiti waliligundua hilo mwaka 2015. Sukari hushuka katika damu ya samaki, analegea, konokono anapanua mdomo na kumfunika mzimamzima. Kisha humchoma kwa jino lenye uwazi ndani, kama sindano ya muganga, lililojaa sumu.

Jino hilo hupenya hata nguo, kwa hiyo shemeji asimwokote aliye hai na kumtia mfukoni, hata akiwa mzuri namna gani. Aliyechomwa huweza kufa ganzi, kuona vitu viwili viwili, mwisho pumzi inakatika. Dawa ya kuizima sumu hiyo haipo. Alazwe bila kutembea, afikishwe haraka hospitali yenye mashine ya kupumulia. Pumzi ikikatika njiani, apuliziwe mdomoni.

Tena sumu ya ndugu yake, Conus magus, iliwapa wataalamu mfano wa kutengeneza zikonotaidi, dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Hudungwa kwenye uti wa mgongo, na si jamii ya mofini. Nimeketi na wagonjwa wa kansa usiku. Habari hii naipenda kuliko zote.

Kivu hawamo, wao ni wa maji ya chumvi. Lakini ukishuka Ruzizi hadi Tanganyika, utakuta konokono wenye maganda ya miiba, yanayofanana na ya baharini mpaka wataalamu wa karne ya 19 wakadhani ziwa lile lilikuwa bahari zamani. Hao hawana sumu ya namna hii.