Maswali ya Wasomaji: Majibu Tunayowapa Wadadisi wa Afya Huenda Wapi?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wanne, mkazi wa Ikwiriri, wilayani Rufiji. Tangu nikiwa binti, wadadisi wa utafiti wa afya wamekuwa wakipita nyumbani kwetu na madodoso, wakiuliza nani amezaliwa, nani amehama na nani amefariki. Hawaachi dawa, hawajengi zahanati, na hawajawahi kurudi kutuambia waliona nini. Naomba kuelezwa kituo cha namna hii kinafanya kazi gani hasa. (Mama K., Ikwiriri)

JIBU: Mama K., una haki kamili ya kuuliza, kwa sababu mtu aliyetoa muda wake na habari za misiba yake anastahili kujua vilikwenda wapi. Nitakujibu kwa mfano wa wilaya yako mwenyewe, kwani ni sehemu chache nchini ambako jibu linaonekana waziwazi kama Rufiji.

Kituo cha utafiti wa sera za afya hakimtibu mgonjwa mmoja mmoja. Kazi yake ni kujua watu wanaugua nini, wanakufa kwa sababu gani na fedha za afya zinatumika kwa lipi, kisha kuufikisha ushahidi huo kwa wenye mamlaka ya kuamua kabla bajeti haijapitishwa. Hapa Tanzania kituo kinachofahamika sana kwa kazi hiyo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Chimbuko lake ni maabara ndogo ya Waswisi iliyoanzishwa Ifakara katika miaka ya 1950. Mwaka 1996 ikasajiliwa kuwa kituo cha Kitanzania chini ya bodi ya wadhamini, na mwaka 2008 ikachukua jina lake la sasa. Haina wanahisa wa kugawana faida, na shughuli za ufuatiliaji wa kaya wilayani kwako zilikuja kuwa chini yake.

Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya, kwa kushirikiana na shirika la Kanada linalofadhili utafiti wa maendeleo, ilianzisha mradi ulioitwa TEHIP katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Walitaka kujua jambo moja: halmashauri ikiongezewa fedha kidogo, na ikazipanga kwa kufuata maradhi yanayowaua watu wake, je, vifo vitapungua? Ili kujibu, ilibidi kwanza kujua nani anakufa na anakufa kwa nini, na hapo rejista za hospitali hazikufaa kitu, kwa kuwa mtoto aliyefia nyumbani hakuandikwa na hospitali yoyote. Ndiyo maana wadadisi walianza kupita kwenu kila baada ya miezi minne, nyumba kwa nyumba.

Niliwahi kuketi kando ya mdadisi aliyekuwa akifanya mahojiano ya kifo katika kijiji kimoja cha mkoa wa Pwani, na sijasahau. Hakuanza na dodoso. Alivua viatu, akatoa pole, akakaa mkekani na kunyamaza mpaka bibi wa marehemu alipoanza kusema mwenyewe. Kisha yakaja maswali: homa ilianza siku gani, mtoto alikohoa, mbavu zilibonyea alipovuta pumzi, alishikwa na degedege mara ngapi, alipelekwa wapi kwanza. Bibi alijibu yote, na alipofika penye degedege alisema kuwa walianzia kwa mganga wa jadi, kwa sababu maradhi yale, kwa walivyofundishwa na wazee wao, hayapigwi sindano. Mdadisi aliyaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, bila kumkosoa. Fomu za namna hiyo husomwa na madaktari wawili, kila mmoja peke yake, na wakitofautiana husomwa na wa tatu, hadi sababu ya kifo iweze kuandikwa.

Fomu hizo zilipojumlishwa na kuwekwa kando ya bajeti, ilidhihirika kwamba fedha na maradhi vilikuwa havitazamani. Huko Morogoro, malaria ilisababisha takribani asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, yaani miaka ambayo waliokufa mapema wangeweza kuishi, lakini mwaka 1996 ilitengewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya. Kifua kikuu, ambacho kilichangia chini ya asilimia 4 ya miaka hiyo, kilipata asilimia 22. Hakuna aliyeiba, wala hakuna aliyekusudia ubaya. Bajeti ilikuwa ikinakiliwa kutoka mwaka hadi mwaka, na kila mradi uliokuja na fedha zake ulivutia upande wake. Timu za afya za wilaya zilipochorewa picha hiyo katika mihimili ya rangi ambayo hata diwani asiye mtaalamu aliweza kuisoma, zilihamisha fedha: zikaongeza za malaria na vyandarua, na zikawafundisha wahudumu wa zahanati kumwangalia mtoto mgonjwa mwili mzima badala ya kutibu dalili moja aliyokuja nayo. Nyongeza iliyoahidiwa ilikuwa dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka, na wilaya ziliweza kutumia kama senti 80 tu. Katika miaka mitano iliyofuata, vifo vya watoto vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Sisemi kwamba kushuka huko kote kulitokana na hesabu za mradi, kwani mambo mengi hubadilika kwa pamoja katika jamii. Ila nasema bila kusita kwamba bila majibu ya akina mama kama wewe, hata huko kushuka kwenyewe kusingejulikana.

Huenda wewe mwenyewe umeshika mkononi tunda jingine la kazi hii. Kuanzia mwaka 1996 watafiti wa Ifakara walijaribu katika wilaya za Kilombero na Ulanga mpango wa kuuza vyandarua vyenye viuatilifu kwa bei nafuu, wajawazito wakipewa kliniki hati ya kupunguziwa bei. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa vyandarua hivyo viliambatana na ongezeko la asilimia 27 la watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne kubaki hai. Mwaka 2004 Hati Punguzo ikaanza kuwa mpango wa taifa. Ile karatasi uliyopewa na muuguzi, ukaipeleka dukani, ukaongeza fedha kidogo na kurudi na chandarua, ilitokana na maswali yaliyoulizwa kwanza katika nyumba za watu wa bonde la Kilombero.

Hata hivyo lawama yako ya mwisho inasimama, na sitaki kuifunika kwa takwimu. Kwa muda mrefu matokeo ya tafiti yamekuwa yakiandikwa kwa Kiingereza katika majarida ya nje na kuwasilishwa katika kumbi za hoteli za Dar es Salaam, ilhali mwenye habari yuko Ikwiriri. Hilo ni deni. Nawashauri muombe, kupitia mwenyekiti wa kijiji, kwamba kila utafiti unaoingia kwenu utaje tangu siku ya kwanza tarehe ya kuleta mrejesho katika mkutano mkuu wa kijiji, tena kwa Kiswahili.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma. Taasisi hizi hazifanyi biashara, basi zinaishi kwa fedha za nani? Na anayelipwa na mfadhili atawezaje kusema jambo lisilompendeza mfadhili huyo? (J. M., Dodoma)

JIBU: Kwa sehemu kubwa zinaishi kwa fedha za miradi, zinazotoka kwa serikali za nje, mifuko ya hisani na ushirikiano na vyuo vikuu. Hofu yako ina msingi. Mfadhili hahitaji kugusa majibu. Inatosha achague maswali, na ugonjwa usio na mfadhili unaweza kukaa miaka bila kuulizwa.

Kuhusu kusema ukweli, nitakupa mfano mmoja. Mwaka 2011 ulianza mkoani Pwani mpango wa majaribio wa kuvilipa vituo vya afya na watumishi wake bakshishi kulingana na utendaji, kwa fedha za Norway. Norway hiyohiyo iligharamia tathmini, iliyofanywa na watafiti wa Ifakara pamoja na wenzao wa London na Bergen. Walilinganisha vituo 150, nusu vikiwa ndani ya mpango na nusu nje yake, wakawahoji wanawake wapatao 3,000 waliokuwa wamejifungua karibuni. Mwaka 2015 walichapisha kwamba kati ya huduma nane zilizolengwa, ni mbili tu zilizoongezeka kwa kiasi cha kuaminika: kujifungulia kituoni, na wajawazito kupewa dawa za kujikinga na malaria. Huduma sita hazikuonyesha badiliko la kutajika. Aliyelipia mpango ndiye aliyelipia habari hiyo, nayo ikachapwa ilivyo. Kwa hiyo, ukitaka kupima uaminifu wa kituo, tazama kama kimemtaja mfadhili wake, kama kimeeleza njia iliyotumika kiasi cha mtu mwingine kuweza kuirudia, na kama miongoni mwa machapisho yake yamo yale yanayosema kwamba jambo fulani halikufaulu. Kituo ambacho kila tathmini yake huleta ushindi, mimi nakitilia shaka.

SWALI: Je, mdadisi akija nyumbani ni lazima nimjibu? Jirani anasema ukikataa utanyimwa huduma zahanati. (Baba wa familia, Bagamoyo)

JIBU: Si lazima, na jirani amekosea. Utafiti wa afya kwa binadamu hauruhusiwi kuanza bila kibali cha maadili, ambacho kwa ngazi ya taifa Tanzania Bara hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na moja ya masharti yake ni kwamba mshiriki akubali kwa hiari, aweze kujitoa wakati wowote, na asipoteze huduma yoyote kwa kukataa. Kabla ya swali la kwanza, mdadisi anapaswa kukusomea fomu ya ridhaa kwa lugha unayoielewa. Msikilize hadi mwisho, muulize majina yenu yatahifadhiwaje, na ukikubali, dai nakala yako ya fomu hiyo, kwa kuwa ndani yake mna namba ya simu ya kamati ya maadili, ambayo unaweza kuipiga ukiona jambo lisilo sawa.