Mwanangu, kuhusu huyo Macbeth wako

Mwanangu,

Umeniuliza kwenye meseji kama Macbeth, yule wa tamthilia ya Shakespeare unayoisoma, alikuwa mbaya toka mwanzo au ufalme ndo ulimharibu. Nimekaa na swali lako siku nzima ila aliyenisumbua ni Banquo, rafiki yake Macbeth. Yule aliwasikia wale wachawi wakitabiri ufalme pamoja na mwenzie, mfalme Duncan alipouawa akajua kabisa hapa pamechezwa mchezo mchafu, analisema peke yake, halafu kimya, kwa sababu na yeye uzao wake umeahidiwa ufalme. Jioni ileile anauliwa njiani.

Nakwambia kila siku, mtu haharibiki peke yake, anaharibiwa na wanaomchekea.

Chukua Shamba la Wanyama, hadithi ya Orwell ya wanyama waliompindua mwenye shamba, ile tafsiri ya Kawegere ya 1967 iliyokuwa kabatini kwetu. Watu wanakumbuka wale mbwa wa Napoleon, nguruwe aliyejifanya mtawala, lakini Orwell mwenyewe aliandika kwenye barua mwaka 1946 kwamba mambo yaligeuka pale nguruwe walipojiwekea maziwa na matufaha, wenzao wangegoma hapohapo isingefika kule. Maziwa tu, mwanangu! Na wale mbwa walikuwa bado vitoto.

Ndo maana nakumbuka kisima cha Mbagala. Yule mwenyekiti wetu wa kamati unamjua, tulimchagua kwa mikono yetu na kwenye msiba wa bibi yako alihangaika kuliko hata ndugu. Alianza na kutopanga foleni, madramu yake yale ya bluu yanajazwa kwanza, kina mama wanasema mwacheni baba wa watu anatuhangaikia, mwaka haujaisha hela ya madumu haijulikani iko wapi. Nikasimama kwenye mkutano nikaomba daftari la mapato lisomwe. Watu wote wanaangalia chini, baba yako ananivuta kitenge nikae. Usiku ndo wanakuja mmoja mmoja mlangoni, mama umesema kweli, mama tuko na wewe. Hiyo "tuko na wewe" ya mlangoni mpaka leo inanikera kuliko hela yenyewe!

Sasa nikisema hivi naona kama namtetea, maana daftari alilificha yeye, hakuna aliyemshika mkono. Na Macbeth vilevile, kabla hajashika kisu alijua Duncan ni ndugu yake na ni mgeni wake na amemtendea mema, akaua tu, tena baadaye akatuma watu wakawaue mke na watoto wa Macduff, mmoja wa wakubwa wa Uskoti. Hapo huwezi kusingizia wapambe. Lakini wale wakubwa waliokaa karamuni wakaona mfalme anakipigia kelele kiti kitupu, wakaambiwa waondoke wakaondoka, nao tuwaiteje?

Jibu la swali lako ninalo, na ulimi unaniwasha, ila sikupi mpaka ufike kitendo cha nne. Pale Malcolm, mtoto wa Duncan, anajifanya mzinzi na mlafi wa mali ili ampime Macduff, na Macduff, mtu mwema yule, anamwambia hayo yanavumilika, wanawake wapo na mali Uskoti ipo ya kutosha. Soma hapo taratibu kisha unipigie Jumapili nikishatoka kanisani, unambie wewe ungemjibu nini Malcolm.

Mama yako