Nusu siku Clydebank yatosha?

Ndugu, umeuliza kama Clydebank, mji ulio karibu na Glasgow huko Scotland, unafaa nusu siku ukiwa Glasgow. Nenda, ila usitarajie mji wa kale. Mwaka 1871 akina Thomson walihamishia kiwanda chao cha meli pale, kwenye mashamba kando ya mto Clyde, na mji ukamea kukizunguka. Meli kubwa ya abiria Queen Mary, ikiwa haijamalizika kujengwa, ilikaa pale zaidi ya miaka miwili bila kuguswa, fedha zimekatika, mafundi hawana kazi. Ikashushwa majini 1934. Machi 1941 mabomu ya Wajerumani yaligusa karibu kila nyumba, ndiyo maana majengo mengi ni mapya (na, kusema kweli, hayapendezi). Kiwanda kimebomolewa. Anza na kreni yake iliyobaki, Titan, ya mwaka 1907, kisha fuata mto.