Ukifika wodini, tafuta muuguzi mmoja wa kuambatana naye

Mara yangu ya kwanza kwenda mafunzo ya uuguzi kwa vitendo tulikuwa wanafunzi tisa kwenye kitanda kimoja. Mwalimu anaelekeza kuweka kanula, ule mrija mdogo wa kwenye mshipa, mmoja anajaribu, wanane tunachungulia. Kesho yake wodi nyingine, sista mwingine, na hakuna anayejua jana tuliishia wapi. Wiki nne nilipima presha na kutandika vitanda. Kitabu cha ujuzi, kinachosainiwa kuonyesha ulichojifunza kufanya, kilijaa saini, mikono ikabaki migeni.

Mwaka uliofuata nikapelekwa wodi ya wazazi, hospitali ya wilaya, nikakabidhiwa kwa mkunga mmoja kwa wiki sita. Zamu yake ndiyo ilikuwa zamu yangu, hata za usiku. Siku ya pili akaniachia patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua. Darasani nilishaijaza mara nyingi kwa namba za ubaoni. Hapa namba nilizitafuta mwenyewe kwa mama aliyeshikwa na uchungu: mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, kufunguka kwa njia ya uzazi kila baada ya saa nne. Usiku mmoja alama yangu ikavuka mstari wa tahadhari, yaani njia ilikuwa inafunguka polepole mno. Mkunga hakuninyang'anya kalamu. Akaniuliza, "Unaona nini, mwanangu? Sasa tunafanya nini?" Nikamjibu huku natetemeka, akaniambia nimpigie daktari na nimweleze mimi mwenyewe. Tangu usiku ule patografu sijaisahau.

Mkunga yule aliweza kuniachia kalamu kwa sababu alishaniona nikifanya kazi siku nyingi. Aliyeniona siku moja tu angethubutu vipi? Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, kilianzisha miaka ya 1990 wodi ambazo wauguzi wake wenyewe ndio wanaofundisha wanafunzi, walimu wa chuo wakiwasaidia. Kwetu wauguzi ni wachache na wanafunzi ni wengi, kwa hiyo mara nyingi itabidi uombe.

Mdogo wangu unayeanza, siku ya kwanza nenda kwa msimamizi wa wodi, umwombe kwa adabu akupange zamu moja na muuguzi mmoja. Huyo mwambie bila aibu ulichowahi kufanya kwa mkono wako na ulichokiona tu. Usikubali saini ya kitu ulichochungulia.

Nanyi dada na kaka zangu wauguzi, najua uchovu wa zamu. Mpeni mwanafunzi mgonjwa mmoja tangu kupokea zamu hadi kukabidhi, na kabla hamjamjibu, muulizeni yeye anaonaje.